Kugare si kusimama: pano na sheria ambazo kila shoferi wa Lubumbashi anapashwa kujua kabla ya kulipa amande

Katika mji wa Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga, shoferi wa taksi anaweza kupoteza faida ya siku nzima kwa sababu ya dakika mbili. Anapunguza mwendo mbele ya duka, abiria mmoja anashuka, mwingine anauliza bei, simu inalia. Mara polisi wa barabara, wale tunaowaita "rulaje", yuko kwenye dirisha anaomba documa za gari. Hapo mabishano yanaanza. Shoferi anasema alisimama tu, polisi anasema amegare mahali palipokatazwa. Jioni mwenye gari anangoja "versement" yake, na pesa imekwisha kwenda.

Mabishano hayo yanaonekana kila siku kwenye barabara za Lumumba, Kasai, Mama Yemo na Sendwe, na pia kandokando ya masoko ya Kenya na Mzee. Yanaonekana pia Kolwezi, Kisangani, Bunia na Butembo. Mara nyingi hayaishi kwa sheria, yanaisha kwa mapatano ya chinichini, kwa sababu shoferi hana uhakika kama kweli amekosa, na hajui karatasi gani ya kuomba. Asiyejua sheria analipa mara mbili: analipa kosa alilofanya, na analipa lile ambalo hakufanya.

Makala hii inaeleza mambo mawili ambayo kila shoferi, motari na mwenye gari anapashwa kuwa nayo kichwani: pano zinasema nini juu ya kusimama na kugare, na pesa inayoombwa barabarani inapashwa kupita njia gani.

Sheria yenyewe ni ipi?

Msingi ni sheria nambari 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inayojulikana kama "code de la route". Iliwekwa wakati nchi yetu ingali inaitwa Zaire. Mwaka mmoja mbele yake, katika 1977, Zaire ilikuwa imejiunga na mapatano ya kimataifa yaliyofanyika Vienna, tarehe 8 Novemba 1968, juu ya mwendo wa barabarani na juu ya pano na alama za barabara.

Mapatano hayo ya Vienna ndiyo sababu pano za Lubumbashi zinafanana na zile za Bukavu na Bunia, na hata zile za Ubelgiji au Ufaransa. Rangi, umbo na mistari vina maana moja. Anayejua kuzisoma hahitaji kujua Kifaransa, kwani pano zilitengenezwa ili hata mtu asiyejua kusoma aelewe.

Kusimama na kugare: maneno mawili, sheria mbili

Jambo la kwanza linaloleta kelele barabarani ni kwamba watu wanatumia neno moja kwa vitu viwili. Sheria inatofautisha kusimama (arrêt) na kugare (stationnement).

Kusimama ni kuacha gari likae kwa muda ule tu unaohitajika ili watu wapande au washuke, au ili mizigo ipakiwe au ishushwe. Kazi ikiisha, gari linaondoka. Kugare ni kuacha gari likae kwa sababu nyingine yoyote, kuzidi muda huo.

Angalia vizuri: sheria haisemi kitu juu ya injini. Wengi wanafikiri kwamba injini ikiwa inawaka, au shoferi akiwa bado kwenye kiti, basi hajagare. Hilo si kweli. Kinachohesabiwa ni sababu ya gari kukaa pale.

Mifano ni hii. Baba anayesimamisha gari mbele ya masomo, mtoto anashuka na mfuko wake, baba anaondoka: amesimama. Baba huyohuyo akifika saa sita na kungoja dakika kumi ili mtoto atoke: amegare, hata kama ameshika usukani. Gari la mizigo linaloshusha mifuko ya simenti mbele ya kantini: limesimama, hata kama kazi inachukua muda. Mifuko ikiisha na shoferi akabaki pale anajadiliana bei ya safari nyingine: sasa amegare. Taksi inayoita abiria ili ijae: imegare, hata kama reseveri anapiga kelele "tunaenda, tunaenda".

Na kuna hali ya tatu. Gari lililokaa kwa sababu ya foleni, taa nyekundu, au kwa sababu polisi ameinua mkono, halihesabiwi kuwa limesimama wala kugare. Shoferi huyo anatii mwendo wa barabara tu. Hakuna amande ya kugare inayoweza kumhusu.

Pano tano za kukumbuka

Pano ya kwanza ni ya duara, rangi ya buluu, ukingo mwekundu, na mstari mmoja mwekundu unaoikata kwa mshazari. Maana yake ni kwamba kugare kumekatazwa. Lakini kusimama kunaruhusiwa. Unaweza kushusha abiria au kupakia mzigo, kisha uondoke.

Pano ya pili ni ileile ya buluu na ukingo mwekundu, lakini ina mistari miwili myekundu inayokutana kama msalaba uliolala, yaani alama ya X. Hapa hata kusimama kumekatazwa. Hakuna kushusha mtu, hakuna "sekunde moja, shefu". Shoferi anayemshusha mama mwenye mtoto mgongoni mbele ya pano hii amevunja sheria, hata akifanya hivyo kwa roho nzuri. Afadhali asonge mbele kidogo.

Tofauti ya mstari mmoja na miwili ndiyo inayoamua kesi nyingi. Ikiwa pano ina mstari mmoja, na kweli ulikuwa unashusha mtu tu, una haki ya kueleza hivyo kwa adabu na kuonyesha pano yenyewe. Ikiwa ina X, usipoteze wakati wako: kosa lipo.

Pano ya tatu na ya nne zinafanana na ile ya kwanza, lakini zina fimbo nyeupe zilizosimama wima. Zinatumika pale ambapo magari yanagare upande mmoja siku moja, na upande mwingine siku inayofuata. Fimbo moja inamaanisha kwamba kugare upande huo kumekatazwa kwenye tarehe zisizogawanyika kwa mbili: tarehe 1, 3, 5, 7 na kuendelea. Fimbo mbili zinamaanisha kwamba kumekatazwa kwenye tarehe zinazogawanyika kwa mbili: 2, 4, 6, 8. Njia rahisi ya kukumbuka: fimbo moja, tarehe ya moja, fimbo mbili, tarehe ya mbili.

Pano ya tano ndiyo ya kufurahisha: mraba wa buluu wenye herufi P nyeupe. Hapa kugare kunaruhusiwa. Lakini soma kibao kidogo kilicho chini yake. Kinaweza kusema aina ya magari yanayoruhusiwa, saa, au muda. Kikiwa na picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu, nafasi hiyo ni ya watu wenye ulemavu. Kuichukua kwa sababu "leo hakuna aliyekuja" ni kumnyima mtu ambaye hawezi kutembea kutoka mbali.

Zaidi ya pano, angalia chini. Mstari usiokatika uliochorwa pembezoni mwa barabara, au kwenye ukingo wa trotuari, unaweza kukataza magari kukaa kandokando yake hata kama hakuna nguzo yoyote karibu.

Pano inaanzia wapi na kuishia wapi?

Shoferi wengi wanadhani pano inakataza barabara nzima. Wengine wanadhani inakataza mita chache tu karibu na nguzo. Wote wanakosea.

Kwa kanuni za Vienna, kama hakuna kibao kingine kinachosema tofauti, pano ya kukataza kugare inafanya kazi upande ule tu wa barabara ambapo imesimikwa. Inaanzia pale ilipo nguzo, na inaendelea mpaka kwenye njia panda inayofuata. Ukivuka njia panda na usikute pano nyingine, katazo limekwisha. Na upande wa pili wa barabara haukuguswa na pano hiyo.

Wakati mwingine kuna kibao kidogo chenye mshale chini ya pano. Mshale unaoangalia juu unasema: katazo linaanzia hapa. Mshale wenye vichwa viwili, juu na chini, unasema: katazo linaendelea. Mshale unaoangalia chini unasema: katazo linaishia hapa. Mtu akiuona mshale huo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani unaonyesha mahali pa kuweka gari. Sivyo.

Na zile mbao ambazo wenye maduka wanaandika wenyewe kwenye ukuta, kama "défense de garer" au "nafasi ya wateja tu"? Na mawe yaliyopakwa rangi, matairi makuukuu, viti vya plastiki vinavyowekwa barabarani ili kulinda nafasi? Hizo si pano za serikali. Barabara ni ya watu wote, na mtu binafsi hana ruhusa ya kuweka alama zake zinazoweza kuchanganya watu na alama za sheria. Lakini tahadhari: ikiwa mbao hiyo iko kwenye mlango mkubwa wa parsele, kosa lako halitokani na mbao, linatokana na mlango. Tutaliona hilo sasa.

Mahali ambapo hakuna haja ya pano

Hapa ndipo wengi wananaswa. Shoferi anaangalia kulia na kushoto, haoni pano, anagare kwa amani. Kisha polisi anafika na ana haki. Kuna mahali ambapo sheria imekwisha kukataza, na serikali haina lazima ya kusimika nguzo kila mara.

Hairuhusiwi kusimama wala kugare juu ya mistari myeupe ambapo watu wa miguu wanavuka, wala juu ya reli. Lubumbashi ni mji wa reli, na gari moshi halipigi breki ya ghafla kama gari dogo. Hairuhusiwi pia karibu na kona au karibu na kilele cha mlima pale ambapo anayekuja hawezi kuona mbali. Kwa mji tambarare kama Lubumbashi hilo linaonekana dogo, lakini kwa Bukavu, mji wa vilima na kona, ni jambo la kufa na kupona. Na hairuhusiwi kuweka gari mahali ambapo linaficha pano au taa ili wengine wasiione.

Kuna mahali pengine ambapo kugare kumekatazwa: karibu na njia panda, karibu na kituo cha bisi, mbele ya mlango ambamo magari yanaingia na kutoka kwenye parsele, na mahali ambapo gari lako litafungia gari lingine lililogare vizuri. Mtu anayegare kwa "mstari wa pili", yaani kando ya gari ambalo tayari limegare, yuko katika kosa hata akiwasha taa za hatari. Taa za hatari hazigeuzi kosa kuwa haki.

Na trotuari? Ni ya watu wa miguu. Gari likipanda juu ya trotuari, mama mwenye beseni kichwani na mtoto wa masomo wanashuka kwenye lami, katikati ya magari. Hiyo inahusu motari pia: moto kumi zilizopangwa kwenye trotuari zinafunga njia kuliko gari moja.

Nje ya mji, kanuni ni kwamba gari linalokaa liondoke kwenye lami kadiri inavyowezekana. Barabara ya Taifa namba 1, kati ya Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, inapitiwa na malori makubwa usiku na mchana. Lori likiharibika na kubaki juu ya lami, shoferi anapashwa kuweka pembetatu ya kuonya. Matawi ya miti tunayoyaona barabarani ni desturi, lakini hayaonekani vizuri usiku, na mara nyingi lori linaondoka na matawi yanabaki.

Usukani wa kuume: hatari ambayo pano haisemi

Katika Haut-Katanga kuna jambo moja ambalo shoferi wa Kinshasa halijui sana. Magari mengi ya hapa yalitengenezwa Japani na kupitia bandari ya Dar es Salaam. Usukani wake uko mkono wa kuume, kwa sababu Japani, Tanzania na Zambia wanatembea upande wa kushoto wa barabara. Sisi Kongo tunatembea upande wa kuume.

Matokeo yake yanaonekana wakati wa kusimama. Gari linapokaa kandokando upande wa kuume, shoferi anashukia kwenye trotuari, lakini abiria wa mbele anafungua mlango kwenye njia ya magari. Kwenye bisi ndogo za Kijapani ni hatari zaidi, kwa sababu mlango wa kusukuma wa abiria uko kushoto. Mtu anashuka na mzigo, hajaangalia nyuma, na moto inapita kwa mwendo.

Mapatano ya Vienna yanasema wazi kwamba ni marufuku kufungua mlango wa gari, kuuacha wazi, au kushuka, bila kuhakikisha kwamba hakuna anayewekwa hatarini. Kwa hiyo shoferi wa gari la usukani wa kuume ana kazi mbili: kutafuta mahali halali pa kusimama, na kuangalia kioo cha kushoto kabla ya kumwambia abiria ashuke. Reseveri anaweza kushuka wa kwanza na kusimamia mlango. Hilo haligharimu kitu.

Wanaovuka mpaka wakumbuke pia kugeuza mawazo. Ukitoka Kasumbalesa kuingia Zambia, au ukitoka Kasindi kuingia Uganda, upande wa barabara unabadilika, na upande wa kugare unabadilika pamoja nao. Gari linagare upande wa mwendo wake.

Amande, ushuru na "pesa ya fanta" ni vitu vitatu

Sasa tuje kwenye mfuko. Barabarani shoferi anaombwa pesa za namna tatu, na mara nyingi zote zinaitwa jina moja: "lipa parking".

Ya kwanza ni amande. Ni malipo ya kosa, na kosa lazima liwe limeandikwa katika sheria. Kwa kanuni ya mashitaka ya jinai ya Kongo, iliyotokana na dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, ofisa wa polisi ya mashitaka (OPJ) anaweza kumwalika aliyekosa alipe kiasi cha pesa ili kesi iishe bila kwenda mbele ya tribinali. Ndiyo inayoitwa "amende transactionnelle". Lakini kifungu hichohicho, cha 9, kinaweka mipaka miwili mikubwa: pesa hiyo inaingia katika sanduku la serikali, na haiwezi kuzidi kiasi cha juu ambacho sheria imeweka kwa kosa hilo. Ni mwaliko, anayeona kwamba hakukosa anaweza kukataa na kungoja kesi ifuate njia yake.

Kutokana na hayo tunaelewa jambo la maana. Si kila mwenye yunifomu anaweza kukata bei ya amande barabarani. Kazi hiyo ni ya OPJ, na OPJ ana kadi inayoonyesha cheo chake.

Ya pili ni ushuru wa kugare. Huu si adhabu. Ni malipo ya kutumia nafasi ya umma, na unaombwa na watumishi wa mji, komine au jimbo, siyo na polisi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 174 kwamba kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Na ordonansi-sheria nambari 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 ndiyo iliyopanga orodha ya kodi na ushuru wa majimbo na wa miji na komine. Kwa hiyo kijana aliyevaa jile na kushika karne ya jeto anapashwa kuwa ametumwa na ofisi inayojulikana. Jeto yake inapashwa kuwa na jina la ofisi hiyo, nambari, tarehe na bei iliyochapwa. Bei iliyoandikwa kwa bik juu ya karatasi tupu si ushuru.

Kulipa ushuru wa kugare hakukupi ruhusa ya kuvunja pano. Ukilipa jeto na gari lako liko mbele ya alama ya X, bado una kosa. Vilevile, kukosa jeto si sawa na kuzuia barabara. Kila moja ina ofisi yake na karatasi yake.

Ya tatu ni ile wanayoiita "pesa ya fanta", na pamoja nayo ile ya vijana wanaolinda magari. Kijana aliyeangalia gari lako unaweza kumshukuru kwa kupenda kwako. Hakuna sheria inayokulazimisha. Lakini pesa anayopewa ajenti wa serikali mkononi, bila karatasi, si amande wala ushuru. Haijengi barabara, haisimiki pano, na haikukingi: mita mia mbili mbele, ajenti mwingine anaweza kukusimamisha kwa kosa lilelile, na huna cha kumwonyesha.

Karatasi gani ya kuomba?

Pesa ya serikali Kongo inapashwa kupita hatua zinazojulikana. Kwanza kosa au deni linaandikwa. Kisha ofisi ya mapato inatoa "note de perception", yaani karatasi inayosema nani anadaiwa, kwa sababu gani, na kiasi gani. Halafu pesa inalipwa benki, na mlipaji anarudi na uthibitisho wa malipo. Kwa mapato ya serikali kuu ya namna hii, ofisi ni DGRAD. Kwa mapato ya jimbo, Haut-Katanga ina DRHKAT, na majimbo mengine yana ofisi zao.

Ukisimamishwa, njia nzuri ni hii.

Kwanza, simama mahali pa salama, zima injini, salimia. Ajenti ni "shefu" au "papa" au "mama" kama mtu mwingine yeyote. Kukimbia au kutukana kunaongeza kosa la pili ambalo ni kubwa kuliko la kwanza.

Pili, omba kwa upole uambiwe kosa kwa jina lake: ni kusimama au ni kugare? Ni pano gani? Angalieni pano pamoja.

Tatu, kama umekosa, kubali, na uombe kosa liandikwe. Kama hukukosa, eleza sababu kwa maneno machache: abiria alikuwa anashuka, pano ina mstari mmoja tu. Piga picha ya pano na ya mahali gari lilipokaa, siyo ya uso wa ajenti.

Nne, kama unalipa, omba karatasi yenye sababu na kiasi, na ulipe mahali palipoandikwa. Weka karatasi ndani ya gari pamoja na asiransi na vinyeti.

Tano, kama wanachukua permi yako au gari linafungwa kiatu cha chuma au linavutwa, omba uandikiwe karatasi inayoonyesha kilichochukuliwa, nani amekichukua, na ofisi gani ya kwenda kukiuliza. Bila karatasi hiyo, kesho hutajua mlango wa kugonga.

Wajibu wa viongozi nao upo

Ni haki pia kusema upande wa pili. Lubumbashi ilianzishwa katika 1910, na barabara za katikati ya mji zilichorwa wakati magari yalikuwa ya kuhesabu. Leo magari, bisi na moto vinagombania nafasi hizohizo, na majengo mapya ya biashara yanayosimama bila nafasi ya kugare yanasukuma wateja wake barabarani.

Pano iliyofutika rangi, iliyofichwa na matawi ya mti au iliyofunikwa na bango la matangazo haiwezi kumfundisha mtu. Kama mji unataka watu watii, unapashwa kuonyesha waziwazi mahali panapokatazwa na, zaidi sana, mahali panaporuhusiwa. Katika kazi hiyo, Tume ya Taifa ya Kuzuia Ajali za Barabarani (CNPR) ina jukumu la kufundisha watumiaji wa barabara, na masomo ya udereva yana jukumu la kutomwachia mtu permi kabla hajaweza kutofautisha mstari mmoja na miwili. Bango lenye bei za amande, likibandikwa kwenye kila komine na kila parking ya taksi, lingepunguza mabishano mengi, kwa shoferi na kwa polisi mwenye kutaka kufanya kazi yake sawasawa.

Wakati tunangoja hayo, shoferi ana maswali manne ya kujiuliza kabla hajavuta breki ya mkono. Nasimama au nagare? Pano iliyo nyuma yangu, toka njia panda ya mwisho, inasema nini? Je, niko juu ya mistari ya kuvukia, kwenye kona, kwenye reli, kwenye trotuari au kwenye mlango wa mtu? Na abiria wangu atakanyaga wapi mguu wake wa kwanza?

Ukiweza kujibu maswali hayo manne, mara nyingi hutahitaji swali la tano, lile la karatasi. Na siku utakapolihitaji, utajua la kuomba.